Mbegu za dume hukaa miaka ndani ya naitrojeni: kwa nini figo haiwezi?

Mhimilishaji wa Rungwe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mbegu za dume zilizogandishwa, wilayani Rungwe, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa katika kazi hii. Nina maswali mawili, moja la kazi na jingine la nyumbani, lakini kadiri ninavyoyatafakari ndivyo ninavyoona kwamba yametoka shina moja.

La kazi ni hili. Mwezi uliopita naitrojeni tuliyoagiza, ule umajimaji wa baridi kali unaohifadhi mbegu, ilichelewa sana, na asubuhi moja nilipofungua mtungi sikuona ule ukungu mzito unaojaa shingoni kila siku. Nilichovya kijiti cha kupimia, nikakipunga hewani kama tulivyofundishwa, na utando mweupe wa sakitu uliotokea ulikuwa mfupi kuliko upana wa vidole viwili. Mirija yangu yenye mbegu imepangwa katika ngazi mbili, ya juu na ya chini. Naitrojeni ilifika jioni ya siku hiyo hiyo nikajaza mtungi, lakini hadi leo sijui kilichosalia ndani ni mbegu hai au ni maji yenye rangi, kwa sababu kwa macho mirija haina tofauti yoyote na ilivyokuwa. Nilitoa mrija mmoja wa ngazi ya juu, nikauyeyusha katika maji ya nyuzi 37, nikapeleka tone kwa daktari wa mifugo mwenye hadubini. Hakuna hata mbegu moja iliyotikisika. Je, ngazi ya chini nayo nihesabu kuwa imekwisha? Na kwa nini kurudisha baridi mapema hakukuokoa kitu?

La nyumbani ni zito zaidi. Binamu yangu, ambaye tumelelewa pamoja, figo zake zimeshindwa kazi na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Juzi tukiwa tumekaa naye, kaka yake mkubwa aliniambia: "Wewe unatembea na ndama wa miaka ijayo kwenye mtungi nyuma ya pikipiki. Kwa nini hospitali haziwezi kuweka figo za watu waliofariki kwenye mitungi kama huo, mgonjwa akija akachaguliwa inayomfaa?" Nilikosa jibu. Naomba mnisaidie, maana atauliza tena, na safari hii sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Bi. Viinitete (Nairobi) alijibu:

Ndugu yangu wa Rungwe, pole kwa mtungi, na pole zaidi kwa ugonjwa wa binamu yako. Ninafanya kazi katika maabara ya viinitete, yaani mimba changa kabisa za siku chache, kwa hiyo baridi ya naitrojeni naishika kila siku kama wewe, isipokuwa kwangu kilichomo ni mayai, mbegu na viinitete vya binadamu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Baridi yenyewe siyo inayoua seli. Katika nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo ndiyo nyuzijoto ya naitrojeni inapochemka, seli iliyofika salama haizeeki wala haiozi, kwa sababu molekuli hazina tena mwendo wa kutosha kuleta badiliko lolote la kikemia. Mrija wa mwaka jana na mrija wa miaka 30 iliyopita, kama yote miwili haijawahi kutoka katika baridi hiyo, kwa mbegu iliyomo ndani ni kama vile iliwekwa siku moja. Hatari yote iko njiani, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda, na mwenye kuileta hatari hiyo ni barafu.

Maji yanapoganda hujipanga katika fuwele, na fuwele hizo hazipokei chumvi. Kwa hiyo barafu inayoanza nje ya seli huchukua maji safi na kuacha chumvi katika kile kidogo kilichobaki hakijaganda, mpaka seli inajikuta imezungukwa na maji ya chumvi kali yanayoinyonya maji yake. Ukishusha baridi polepole mno, seli husinyaa na kuumizwa na ukali wa chumvi. Ukishusha haraka mno, maji hayapati nafasi ya kutoka, nayo huganda ndani kwa ndani na kuupasua utando wa seli. Kati ya vifo hivyo viwili kuna njia nyembamba, na kila aina ya seli ina njia yake. Seli mama za damu hupenda kushushwa kama nyuzi 1 kwa dakika, ilhali chembe nyekundu za damu, zinazopitisha maji upesi sana, huweza kustahimili mwendo wa mamia na hata maelfu ya nyuzi kwa dakika. Peter Mazur na wenzake walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1972, na mwaka huo huo David Whittingham, Stanley Leibo na Mazur walionyesha kwamba viinitete vya panya vilivyogandishwa vinaweza kuyeyushwa, kupandikizwa na kuzaliwa.

Hata ukijua mwendo, bado unahitaji mlinzi. Mwaka 1949, katika taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji ya sukari, na hazikuwa zikipona. Siku moja chupa moja ikaleta matokeo mazuri ajabu, lakini majaribio yaliyofuata kwa sukari mpya yakashindwa kama mwanzo. Walipopima kilichobaki katika chupa ile waligundua kwamba haikuwa na sukari hata kidogo: kibandiko kilikuwa kimekosewa, na ndani mlikuwa na gliseroli. Gliseroli hiyo ndiyo iliyomo katika mirija yako mpaka leo, pamoja na kiini cha yai la kuku kinachoulinda utando wa mbegu wakati wa kupoza. Mwaka 1951 alizaliwa ndama wa kwanza kutokana na mbegu iliyogandishwa.

Sasa mtungi wako. Chini ya nyuzi kama 130 hasi, kile kidogo ambacho hakikuganda huwa kigumu kama kioo, na fuwele ndogo zilizopo haziwezi kukua. Joto likipanda juu ya hapo, mrija ukiwa bado mgumu kabisa mkononi, fuwele ndogo huanza kuungana na kuwa kubwa, na kubwa ndizo zinazokata. Unapojaza naitrojeni jioni, unazigandisha zile zile fuwele kubwa mahali pale pale zilipokwisha kufanya uharibifu. Ndiyo maana jicho halioni tofauti na kujaza tena hakurudishi kitu.

Mzee Mstaafu (Arusha) alijibu:

Mwanangu, marahaba. Bibi wa Nairobi ameeleza elimu yake vizuri, mimi nitasema la mkononi tu, kwa kuwa nimebeba mtungi kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Usitupe ngazi ya chini kabla ya kuipima. Mtungi unapokauka, baridi hudumu chini, na kile kidogo ulichokikuta kwenye kijiti kilikuwa kikiwalinda wa chini wakati wa juu wanakufa. Chukua mrija mmoja kutoka kila kikombe cha chini, yaani kile chombo kinachoshika mirija ndani ya mtungi, yeyusha kwa nyuzi 35 hadi 37, na usikadirie maji ya chupa ya chai kwa kidole bali tumia kipimajoto. Subiri nusu dakika na zaidi kidogo, kausha mrija vizuri kabla hujaukata kwa maana tone la maji nalo huua mbegu, kisha angalia kwenye kioo cha hadubini chenye joto. Usitazame kama zinatikisika tu. Tazama kama zinakwenda mbele.

Jambo jingine, na hili nawaambia vijana wote: mirija mingi haifi kwa naitrojeni kukauka, inafia shingoni mwa mtungi. Mtu anainua kikombe mpaka juu akitafuta jina la dume, anasoma, anarudisha, anainua tena. Mrija mdogo wa robo mililita hupata joto kwa kasi kubwa. Kikombe kisipande juu ya mstari wa sakitu, na kama sekunde 10 zimekwisha hujaupata unaoutafuta, rudisha chini usubiri. Andika orodha ya madume na mahali walipo, uibandike nje ya mtungi.

Na mtungi usiufungie ndani ya gari lililofungwa vioo. Lita moja ya naitrojeni hutoa karibu lita 700 za hewa, nayo husukuma nje hewa unayovuta bila kutoa harufu yoyote.

Mhimilishaji wa Rungwe aliandika:

Mzee wangu, nashukuru sana, nitapima kila kikombe kama ulivyoagiza. Dada wa Nairobi, maelezo yako yamenifungua macho, hasa hilo la fuwele kukua mrija ukiwa bado mgumu. Lakini niruhusu nisisitize lile la pili. Kama gliseroli inazuia barafu kuua mbegu, kwa nini isitiwe kwenye figo? Figo nayo si ni seli?

Bi. Viinitete (Nairobi) alijibu:

Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwenye kazi yako mwenyewe. Mrija mmoja wako hutiwa mamilioni ya mbegu, kwa kawaida kama milioni 20, na kwa kila mrija mzuri unaouyeyusha, karibu nusu yao wamekufa wakati wa kugandishwa. Wewe huoni hasara hiyo kwa sababu ng'ombe anahitaji mmoja tu afike. Kila mbegu inajitegemea, na aliyekufa hamzuii aliye hai. Figo haina ruhusa hiyo. Ina vichujio karibu milioni moja, kila kimoja kikiwa na mishipa midogo sana ya damu na mirija iliyotandazwa seli za aina nyingi, na kila aina inataka mwendo wake wa kupozwa. Nusu ya seli zikifa, au hata zikipona zote lakini barafu ikapasua mishipa iliyo katikati yao, damu itavuja badala ya kuchujwa. Tunachohifadhi katika figo ni seli pamoja na mpangilio wake, na barafu ikikua hata katika nafasi zilizo kati ya seli huuvunja mpangilio huo.

Tatizo la pili ni ukubwa. Mrija wako ni mwembamba, baridi inafika katikati yake mara moja. Katika kipande kikubwa cha nyama, nje hupoa kitambo kabla ya ndani, na huwezi kuipa kila sehemu mwendo unaoifaa. Angalia tishu ambazo zimefaulu, utaona karibu zote ni nyembamba: ngozi, vali za moyo, vipande vya ovari. Mwaka 1997 nchini Ubelgiji, mwanamke aliyekuwa anaanza matibabu ya saratani ya tezi za limfu alitolewa vipande vya ovari vikagandishwa, kwa kuwa dawa zingeharibu mayai yake. Alipopona, Jacques Donnez na timu yake walimrudishia vipande hivyo, na mwaka 2004 alijifungua mtoto wa kike. Ganda la nje la ovari hukatwa liwe jembamba, unene wa kama milimita moja, ili dawa ya kukinga seli na barafu ipenye na baridi ifike. Figo huwezi kuikata vipande ukaishona.

Njia inayotafutwa kwa viungo vizima ni kuacha kugandisha kabisa na badala yake kukigeuza kiungo kiwe kioo. Ukitia dawa za kukinga kwa wingi mno na ukashusha joto upesi, maji hunata, hunata zaidi, mpaka yanasimama bila kupanga fuwele hata moja. William Rall na Gregory Fahy walifanya hivyo kwa viinitete vya panya mwaka 1985, na leo ndiyo njia ya kawaida katika maabara yetu: kiinitete kinakaa juu ya ukanda mwembamba wa plastiki ndani ya tone dogo kiasi kwamba ukipiga chafya umelipoteza, na ninakitumbukiza kwenye naitrojeni mara moja. Kwa figo, dawa hizo lazima zisukumwe kupitia mishipa ya damu, na kwa kiwango hicho zenyewe ni sumu ikiwa zitakaa muda mrefu. Kisha huja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuipasha joto, kwa sababu kioo kikipanda polepole hugeuka barafu kikiwa njiani, na kikipashwa nje kuliko ndani hupasuka kama glasi ya baridi iliyomiminiwa chai.

Hata hivyo, mwambie kaka wa binamu yako kwamba hili si ndoto tena. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa taarifa ya figo za panya zilizogeuzwa kioo na kuhifadhiwa hadi siku 100. Walikuwa wamesukuma ndani ya mishipa yake chembe ndogo mno za oksaidi ya chuma. Wakati wa kuzitoa wakaziweka katika uga wa sumaku unaogeuka-geuka, na chembe zile zikapata joto mahali pote kwa pamoja, ndani na nje. Panya watano waliotolewa figo zao zote walipandikizwa hizo, na ziliwaweka hai kwa siku 30 za jaribio. Figo ya panya ni ndogo kama punje ya haragwe. Ya binadamu inajaza kiganja, na kila ugumu nilioutaja hukua pamoja na ukubwa.

Daktari wa Wanyamapori (Laikipia) alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu, ila naomba niongeze kwamba ukubwa si sababu pekee, wasije wasomaji wakadhani kila kitu kidogo ni rahisi. Yai ni seli moja tu, na limewasumbua wataalamu kwa miongo mingi. Mimba za mbegu ya binadamu iliyogandishwa zilitangazwa mwaka 1953. Za yai lililogandishwa zilisubiri hadi Christopher Chen wa Australia mwaka 1986. Yai limejaa maji, na nyuzi zinazoshikilia kromosomu zake hulegea kwa baridi hata kabla barafu haijatokea.

Huku kwetu tunaliona jambo hilo kwa uchungu. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, hapa Kenya, wamebaki faru weupe wa kaskazini wawili tu duniani, Najin na binti yake Fatu, baada ya dume Sudan kufa tarehe 19 Machi 2018. Hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Tarehe 22 Agosti 2019 timu ya kimataifa iliwalaza na kuwatoa mayai 10. Mayai hayo hayakugandishwa. Yalisafirishwa mabichi kwa ndege hadi maabara iliyoko Cremona, Italia, saa zikihesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuyaamini kwenye naitrojeni. Huko yalikomazwa na kuchomwa mbegu moja moja. Mayai mawili ya Fatu yakawa viinitete, na baba yao ni Angalifu, dume aliyekufa San Diego mwezi Desemba 2014. Viinitete vyenyewe ndivyo vilivyogandishwa. Kwa hiyo katika kazi ile ile moja, mbegu ilikuwa imetoka kwenye baridi, kiinitete kiliingia kwenye baridi, lakini yai lililokuwa katikati yao lilibidi lipandishwe ndege likiwa bichi.

Kila ninapowaona Najin na Fatu wakila nyasi pamoja jioni, nafikiri kwamba sehemu kubwa ya ukoo wao imo katika mitungi, na kwamba mtu fulani, ambaye hatutamjua, lazima akumbuke kujaza naitrojeni. Ndugu wa Rungwe, kazi yako na hiyo ni kazi moja.

Muuguzi wa Figo (Dar es Salaam) aliandika:

Sina elimu ya kugandisha, lakini nahudumia wagonjwa wanaosafishwa damu, na ningependa familia ile isije ikakaa kusubiri mtungi. Duniani kote figo inayosafirishwa leo haigandishwi, inawekwa katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na madaktari hupenda ipandikizwe ndani ya siku moja hivi. Moyo hupewa saa chache tu, nne hadi sita. Hapa nchini upandikizaji ulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na figo hutolewa na ndugu aliye hai. Inachukuliwa chumba cha kwanza na kupandikizwa chumba cha pili, haina haja ya kuhifadhiwa. Kwa hiyo swali la kaka mkubwa lina jibu lililo karibu naye zaidi kuliko Minnesota. Mwenye umri unaofaa, asiye na kisukari wala shinikizo la damu, anaweza kwenda kupimwa kundi la damu na figo zake, na kupimwa si kukubali kutoa. Mueleze kwa upole, na asishurutishwe na mtu yeyote.

Mhimilishaji wa Rungwe aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo mmoja.

Nimepima vikombe vyote leo mchana. Ngazi ya juu, vikombe vitatu, hakuna kitu: mbegu zimelala zote, nyingine mikia imejikunja. Ngazi ya chini nilifungua mrija wa kwanza mikono ikinitetemeka, na daktari akaniachia nitazame mwenyewe. Zilikuwa zinakwenda mbele, nyingi, zikipishana kama watu mnadani. Vikombe viwili vya chini ni vizima. Cha tatu, kilichokuwa kimeegemea upande, kina zinazozunguka mahali pamoja tu, nimekitoa. Nimebandika orodha ya madume nje ya mtungi.

Kaka wa binamu yangu nimemsomea maneno ya Muuguzi jinsi yalivyo, bila kuongeza langu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kliniki ya kupimwa huwa siku gani.